Hofu Iliyohesabiwa Kuwa Kupenda: Kisa cha Mama wa Mbagala na Video za Chanjo

Mwezi Aprili 2024, katika wiki ambayo wahudumu wa afya walikuwa wakipita shuleni kuwachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, jirani yangu mmoja hapa Mbagala, Dar es Salaam, alimzuia binti yake wa darasa la tano asiende shule kwa siku mbili mfululizo. Asubuhi ya kwanza mtoto alikuwa amekwisha kuvaa sare na kufunga viatu. Mama akamwambia avue, akamkabidhi beseni la maandazi akauze barazani. Mwalimu alipopiga simu aliambiwa kuwa mtoto ana homa. Nilipomuuliza mama mwenyewe jioni hakunificha. "Kaka, ile sindano inafunga kizazi," alisema. "Nimeona kwa macho yangu, na si mtu mmoja wala wawili wanaosema, ni watu wengi. Lisemwalo lipo."

Kazi yangu ya kila siku ni ya takwimu, na familia hii nimeishi nayo ukuta kwa ukuta kwa miaka, kwa hiyo maneno yale hayakunitoka. Je, ni haki kusema kwamba mfumo wa mapendekezo ulio ndani ya simu yake, yaani ile algorithimu inayochagua video ipi ifuate, ndio uliomkosesha mtoto yule chanjo? Wapo watakaojibu ndiyo papo hapo, na wapo watakaosema kuwa simu ni chombo tu na mwenye akili ndiye mwenye kosa. Majibu yote mawili yanaruka hatua ambazo mtu anayetaka kuhukumu kwa haki hawezi kuziruka. Naeleza hapa nilichokiona, kwa idhini yake, bila kumtaja jina wala kuitaja programu ya video fupi aliyokuwa akiitumia.

Kwanza uzito wa jambo lenyewe. Virusi vya HPV vya aina ya 16 na ya 18 husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na saratani hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, baada ya tafiti za nchi kadhaa, mojawapo ukiwa ule uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930, kuonyesha kwamba kinga inayojengwa na dozi moja inatosha. Hakuna ushahidi kwamba inafunga kizazi. Anayetaka kuelewa gharama ya kuikosa na aende hospitali ya saratani ya Ocean Road siku ya kliniki, aangalie wanawake waliokaa kwenye mabenchi wakisubiri mionzi, wengi wao wakiwa wamechelewa kugundua ugonjwa.

Tulikaa jioni mbili barazani kwake tukipitia historia ya video alizotazama, yeye akionyesha na mimi nikiandika kwenye daftari. Historia ilirudi nyuma wiki tatu. Video zilizoitaja chanjo zilikuwa 14, na 9 kati ya hizo zilitokana na kipande kimoja tu cha picha: msichana amelala kitandani hospitalini, sare yake ya shule imetundikwa kwenye msumari, na mtu mzima anampepea kwa upindo wa khanga. Kila aliyeipandisha alikuwa ameweka sauti yake juu ya picha ile ile. Mmoja alisema msichana yuko Kenya, mwingine Nigeria, wa tatu akasema ni Tanga juzi tu. Wawili walikuwa wameigeuza picha kulia kwenda kushoto, kitanda kikaonekana kingine. Nilipomwomba mama aitazame khanga peke yake na kusahau maneno, alizirudia tatu za kwanza kimya kimya, kisha akasema, "Ni khanga ile ile." Wale "watu wengi" aliowategemea walikuwa kitanda kimoja chenye sauti tisa.

Hapo ndipo nilipodhani nimefika mwisho wa uchunguzi, kwa sababu maelezo yalikuwa yamekamilika vya kutosha: uongo umerudiwa, mfumo umeusukuma, mama ameamini. Jioni ya pili ilinionyesha kuwa nilikuwa nimekosea mahali muhimu. Mama huyu hukanda unga wa maandazi kuanzia saa tatu usiku, na wakati wa kukanda simu yake huegemezwa kwenye debe la unga ikiwa imewashwa. Mikono ikiwa na unga hadi kwenye viwiko, hawezi kuipandisha video kwa kidole, na programu ile hairuki kwenda video nyingine yenyewe; hurudia ile ile mpaka mtu aguse. Nilikaa nikihesabu. Video ya sekunde kama 40, iliyohusu bei ya vitenge, ilijirudia mara saba kabla hajajifuta kidole kwenye kiuno cha khanga yake na kuigusa. Macho yake wakati wote huo yalikuwa kwenye unga.

Kwa mtu aliyekaa pale kwenye kigoda, ilikuwa wazi kwamba mama anafanya kazi. Kwa mfumo usiokuwa na macho ya kuona beseni, mtu aliyeirudia video mara saba anaipenda kuliko video nyingine yoyote ya usiku huo. Sasa turudi kwenye video ya kwanza ya chanjo. Mama alinieleza kwamba ilipotokea alikuwa pia anakanda, lakini safari hii mikono ilisimama. Alitazama mpaka mwisho, ikajirudia, akatazama tena, kwa sababu moyo ulikuwa umemruka. Hakulaiki, hakuandika maoni, hakuitafuta nyingine. Aliogopa tu, na kuogopa kwake kukachukua muda. Kwenye simu, muda wa mtu anayeogopa na muda wa mtu anayefurahi huandikwa kwa tarakimu zile zile.

Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya ya programu moja. Mwaka 2012 YouTube iliacha kuipa uzito wa kwanza idadi ya mibofyo na kuanza kupanga video kwa kuangalia zaidi muda ambao watu wanatazama, kwa hoja kwamba mibofyo ilikuwa ikizawadia vichwa vya habari vya kuvutia visivyo na kitu ndani. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Mwaka 2016 wahandisi wa Google walichapisha maelezo ya jinsi mfumo huo unavyofanya kazi kwa hatua mbili: hatua ya kwanza huchota mamia ya video kutoka kwenye bahari ya mamilioni, na ya pili huzipanga kwa kukadiria mtumiaji huyu atakaa na kila moja kwa muda gani. Facebook nayo ilifika pale pale kwa njia nyingine. Mwaka 2017 ilianza kuhesabu alama za hisia, ikiwemo ya hasira, kwa uzito wa mara tano ya laiki ya kawaida, na haikuifuta thamani ya alama ya hasira mpaka mwaka 2020, baada ya watafiti wake wenyewe kuona kwamba machapisho yaliyovuna hasira yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na upotoshaji. Mambo haya yalijulikana kwa umma kupitia nyaraka zilizotolewa na Frances Haugen, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa Facebook, mwaka 2021. Katika mifumo yote hii, kinachopimwa ni kitendo cha mwili, yaani kidole, jicho na sekunde, na kinachokisiwa ni nia. Kati ya kitendo na nia kuna nafasi, na jirani yangu aliangukia ndani ya nafasi hiyo.

Hata hivyo, kuonyesha kwamba mfumo ulimpelekea video zile hakutoshi kuonyesha kwamba mfumo ndio uliomfanya aamue. Anayetathmini athari lazima ajiulize lingetokea nini kama mfumo usingekuwepo, na hapa kisa chetu kinakuwa kigumu. Nilipomuuliza alisikia wapi mara ya kwanza, hakutaja video. Alitaja ujumbe wa sauti uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chao siku chache kabla, na katika kundi la namna ile hakuna algorithimu inayochagua. Mtu hutuma, wenzake husikia. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kusikia minong'ono kwa muuza nazi sokoni. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na mwaka 2021, ambapo mwezi Januari Rais John Magufuli alionya hadharani kuhusu chanjo za korona, na mwezi Julai mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua chanjo hizo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe mbele ya kamera. Mwananchi wa kawaida aliyeyasikia yote mawili ndani ya miezi sita hakosi kubaki na shaka, na shaka hiyo haikutengenezwa na simu.

Historia ya uvumi wa kufunga kizazi nayo ni ndefu kuliko umri wa simu janja. Mwaka 2003 jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio kwa miezi mingi kwa madai hayo hayo, bila mchango wa mfumo wowote wa mapendekezo. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitilia shaka chanjo ya pepopunda kwa wanawake, na mjadala ulienea kwa mimbari na magazeti. Japani ni mfano unaoniumiza zaidi, kwa kuwa unahusu chanjo hii hii ya HPV: mwezi Juni 2013 serikali iliacha kuihimiza kufuatia taarifa za madhara zilizotangazwa sana na vyombo vya habari, na kiwango cha wasichana wanaochanjwa kikaporomoka kutoka takribani asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1. Himizo lilirejeshwa mwezi Aprili 2022. Magazeti na televisheni zilitosha kabisa kulifanya hilo.

Nyumba ya tatu kutoka kwa jirani yangu anaishi mama mwingine aliyeusikia ujumbe ule ule wa kikoba. Yeye anatumia kitochi, hana video. Binti yake alichanjwa siku ile ile. Ningependa sana kusema kwamba tofauti kati ya nyumba hizi mbili ni simu, na hoja ingekuwa tamu, lakini dada wa mama huyu wa pili ni muuguzi Temeke, naye alimpigia simu usiku wa kuamkia chanjo. Siwezi kuitenganisha simu na dada.

Tafiti kubwa hazituondolei ugumu huu, ingawa zinatusaidia kuuelewa. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa ya jaribio ambalo Facebook ililifanya kwa watumiaji 689,003 bila wao kujua, kwa kupunguza machapisho ya furaha au ya huzuni waliyoonyeshwa; maneno waliyoandika yalibadilika, lakini kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2020, ambapo baadhi ya watumiaji wa Facebook na Instagram waliondolewa kwenye mpangilio wa algorithimu na kuonyeshwa machapisho kwa kufuata muda tu. Baada ya miezi mitatu, muda waliokaa humo ulipungua na vitu walivyoviona vilibadilika sana, lakini misimamo yao ya kisiasa haikubadilika kwa kiwango cha kupimika. Mwaka uliofuata watafiti wengine walikosoa matokeo hayo kwa sababu kampuni ilikuwa imeweka hatua za dharura kwenye algorithimu yake katika kipindi hicho hicho, hivyo kilicholinganishwa hakikuwa algorithimu ya siku za kawaida.

Wapo wanaozitumia tafiti hizi kusema kwamba athari ni ndogo na kelele ni kubwa. Mimi nadhani zinasema jambo jingine, lililo na maana kubwa kwa kisa chetu. Wastani wa maelfu ya watu huchanganya aliyepita bila kujali, aliyecheka, na yule ambaye mikono yake ilisimama kwenye unga. Athari ya mfumo unaofuata muda wa kutazama haiwezi kuwa sawa kwa wote, kwa sababu mfumo wenyewe humrudia zaidi aliyeguswa zaidi. Asiyekuwa na binti wa umri ule aliipita video kwa sekunde mbili na hakuletewa nyingine. Mwenye binti, tena mwenye hofu tayari, aliletewa 14.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya sehemu hii ni kama ifuatavyo. Mfumo haukuuzaa uvumi, na pengine haukuwa sababu ya kwanza ya shaka. Kilichotoka kwa mfumo ni uzito. Uvumi wa sokoni una sura ya aliyeusema; mama huyu anamjua muuza nazi, anajua ni mtu wa kuongeza chumvi, na angeweza kumpima. Sauti tisa juu ya kitanda kimoja zilimfikia kama mashahidi tisa wasiojuana, na namna hiyo ya kuhesabu watu ni ya busara kabisa katika maisha ya mtaani, ambako watu tisa wakikwambia barabara imefungwa, hupiti. Nalisema hili kwa sababu nimechoka kusikia akina mama wa namna yake wakiitwa wajinga. Alitumia kipimo sahihi cha ushahidi mahali ambapo ushahidi ulikuwa umekunjwa na kunakiliwa bila yeye kujulishwa.

Lipo pia suala la nani angeweza kulithibitisha hili kwa uhakika zaidi ya daftari langu. Kumbukumbu kamili ya kwa nini video fulani ilipangwa mbele yake usiku fulani iko kwa kampuni peke yake. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya huduma za kidijitali ya mwaka 2022, umezilazimisha kampuni kubwa kuwapa watumiaji angalau namna moja ya mapendekezo isiyotokana na kuchunguza tabia zao, na kuwafungulia takwimu watafiti waliothibitishwa. Mbagala iko nje ya mipaka hiyo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinavyochakatwa na inagusa hata maamuzi yanayofanywa na mashine bila mtu. Ikiwa kumpangia mama video 14 za hofu ni uamuzi unaomwathiri kwa kiwango kinachokusudiwa na sheria hiyo, hilo linahitaji kuulizwa rasmi, na ningefurahi mwanasheria mmoja wa mji huu akiliuliza.

Mwisho wa jioni ya pili tulifanya jaribio dogo. Mama alifuta historia yake yote, na kwa siku kumi kila video ya chanjo ilipotokea alibonyeza kuwa haimvutii. Wakati wa kukanda, simu akaigeuza kifudifudi na kuiacha icheze taarabu. Siku ya kumi tulipoifungua pamoja, kitanda cha hospitali hakikuwepo tena. Palikuwa na mapishi, mahubiri na vitenge. Nikamuuliza kuhusu chanjo. Akasema bado anaogopa. Video zilikuwa zimeondoka zikaiacha hofu mahali pake, jambo ambalo kwa hakika nilipaswa kulitarajia baada ya kusoma matokeo ya 2023: kubadilisha anachokiona mtu ni kazi ya siku chache, kubadilisha alichokwisha kukiamini ni kazi nyingine kabisa. Anayepima athari kwa kuangalia ukurasa wa mapendekezo peke yake angeandika kwamba tatizo limekwisha.

Barua iliyotoka shuleni bado ilikuwa imechomekwa nyuma ya kioo cha kabati. Niliisoma. Ilikuwa na mistari minne: tarehe, umri wa watoto watakaochanjwa, ombi la kuwahi, na muhuri. Haikueleza ni chanjo ya nini, kwa nini dozi zimepungua kutoka mbili, wala kwa nini wavulana hawamo. Swali la wavulana ndilo lililokuwa likimkereketa mama huyu tangu mwanzo, na hakuwa na wa kumuuliza. "Kama ni ugonjwa, mbona wasichana tu?" Video zile zililijibu swali lake usiku ule ule, kwa uongo. Barua haikulijibu kabisa.

Mwezi Juni, shule zilipofunga, alikubali twende zahanati, yeye, mumewe na binti. Muuguzi wa zamu alikuwa mama mtu mzima. Jirani yangu alimwamkia, wakaulizana habari za nyumbani, kisha akalitoa lile swali. Muuguzi alimweleza kwamba virusi huwapata wote, na zipo nchi zinazochanja hata wavulana, lakini mlango wa kizazi ni wa mwanamke, na dozi zilizopo huanza na yule mwenye hatari kubwa zaidi. Yalikuwa mazungumzo ya kama dakika kumi. Mtoto alichanjwa.

Tulipokuwa tunainuka, mama akabaki amekaa. Ana miaka 38. Akauliza: "Na mimi ambaye umri wa sindano umenipita, nafanyaje?" Muuguzi akamwambia kuna uchunguzi wa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi, unafanyika pale pale, unachukua muda mfupi na unaweza kuonyesha dalili kabla ya kuwa saratani, hasa kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Hakuwahi kuusikia. Nilirudi kwenye daftari langu usiku ule kuhakikisha. Katika wiki tatu ambazo mfumo ulimwona mwanamke huyu akisimama, akirudia na kutazama mpaka mwisho kila kilichohusu ugonjwa huo, haukumletea hata video moja ya kumwambia kwamba uchunguzi huo upo.